Mbwa wa Kuazima

Sogeeni, sogeeni. Barza hii imewahi kubeba watu wengi kuliko ninyi. Wewe mdogo, njoo mbele, maana nyuma utasinzia, na kesho utasema nilikunyima hadithi.

Jana jioni simu yangu ilipita mikono saba. Ilitoka kwangu, ikaenda kwa dada yenu mkubwa, ikazunguka, ikaishia kwa mdogo wenu, ambaye vidole vyake vilikuwa bado vina mafuta ya sombe. Picha ilikuwa moja tu. Ni binamu yenu wa Ubelgiji. Ana miaka saba. Amekaa kwenye kiti kikubwa, anakula biskuti, anacheka meno yote nje. Lakini mkononi mwake kuna mrija mwembamba, na mrija ule unapanda, unapanda, mpaka kwenye chupa iliyotundikwa juu.

Mkanyamaza wote. Hapa Rumangabo mtu akitundikiwa serumu, shangazi zake huanza kufunga vitenge vya safari.

Kisha mdogo wenu akauliza: "Mjomba, kama anaumwa, mbona anacheka?"

Swali hilo! Nimeona wakubwa wengi wakipita kando ya swali kama hilo bila kuliokota. Yeye kaliokota. Jana nilikuwa na usingizi. Leo nitajibu, ila si peke yangu. Namhitaji Simba.

Ndiyo, Simba huyu huyu anayelala langoni. Sikio moja limechanika, kuku wanamrukia mgongoni, na tangu nimfuge hajakamata mwizi hata mmoja. Lakini Simba ana ndugu maarufu. Kule juu, kwenye makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, waliletwa mbwa wa kunusa. Masikio yao ni marefu, yanafagia chini. Ngozi ya uso imekunjamana kama shati lisilopigwa pasi. Mlinzi wa hifadhi anamwonyesha mbwa kitambaa alichokigusa jangili. Mbwa ananusa. Basi. Kuanzia hapo anafuata harufu ile, na ile tu. Anapita mbuzi, hageuki. Anapita mama anayekaanga sambaza, hageuki. Hata mate yakimtoka, hageuki. Mbwa mmoja, harufu moja.

Shikeni maneno hayo. Mbwa mmoja, harufu moja. Tutayahitaji.

Sasa mwili wako ni lupango. Una ua, ndiyo ngozi yako. Una milango: mdomo, pua, macho, na lile jeraha la goti ulilolipata ukiendesha chukudu ya kaka yako bila ruhusa. Usiku na mchana vijidudu vinapita barabarani nje ya ua. Vingi havina shida na wewe. Vingine vinatafuta upenyo.

"Na vikiingia, Mjomba?"

Vikiingia vinakutana na mbwa.

Ndani ya mwili wako kuna mbwa wa kunusa, wengi kuliko nyota unazoziona umeme ukikatika. Waganga wanawaita kingamwili. Ni wadogo mno. Ukitaka kujua sura yao, tazama panda ya manati yako: mguu mmoja, mikono miwili. Hebu tumwachie Simba aeleze mwenyewe, maana ameshainua sikio lake zima.

"Msinicheke," anasema Simba. "Mimi nikiwa ndani ya damu, sina uvivu. Ile mikono miwili ya panda ni pua zangu. Nina pua mbili, zote za harufu moja. Kijidudu changu kikipita, nakishika kwa pua zote mbili, sikiachii. Na ule mguu wa panda, ule ni mkia wangu. Nautikisa, nautikisa, mpaka askari wanauona. Askari ni chembe nyeupe za damu. Wanakuja mbio, wanakimeza kijidudu kizima kizima. Mimi siui sana. Mimi nashika na kuita."

"Na ukikutana na kijidudu cha harufu nyingine?"

"Nakipisha. Hicho ni cha mwenzangu. Mbwa mmoja, harufu moja."

Mnaona? Ndiyo maana mwili haufugi mbwa wa aina moja. Unafuga wa aina elfu na elfu: huyu wa surua, yule wa pepopunda, yule wa kijidudu kile kinachojaza mapafu makohozi. Mkichanjwa pale kituo cha afya, mganga anawaonyesha mbwa wenu kitambaa tu. Jangili mwenyewe hayupo, au yupo lakini ameishiwa nguvu. Mbwa wananusa, wanakariri. Siku jangili wa kweli akija, wanamjua.

Na mbwa hawa wanazaliwa wapi? Ndani ya mifupa. Mmewahi kuvunja mfupa wa ng'ombe mkafyonza yale mafuta laini ya ndani? Huo ni uboho. Ndani ya uboho wenu wenyewe wanazaliwa wafugaji wadogo, chembe ndogo za damu. Wakikomaa, kila mmoja anafuga mbwa wa harufu yake. Siku ukiumwa, mfugaji anayehusika anaongezeka, anakuwa wawili, wanne, wanane, na kila mmoja anatoa mbwa kama mama mwenye duka anavyotoa chenji asubuhi ya soko.

Sasa nitawaambia siri. Siku mliyozaliwa, mlikuwa karibu hamna mbwa wenu hata mmoja. Hata wewe. Hata mimi, na upara wangu huu.

"Ha! Sasa nani alitulinda?"

Mama. Ulipokuwa tumboni, mama alikuazima mbwa wake. Walipita kwenye kondo, kundi kwa kundi, hasa miezi ile ya mwisho. Ulipotoka ukaongezewa wengine kwenye maziwa, hao wakalinda utumbo wako. Kwa hiyo sisi sote tulianza maisha na mbwa wa kuazima. Lakini mbwa wa kuazima wana tabia moja. Hawakai. Kila baada ya wiki tatu hivi, nusu yao wanakuwa wamekwisha. Walikuwa mia, wamebaki hamsini. Wiki tatu nyingine, ishirini na tano. Ukifika miezi sita, mbwa wa mama wanahesabika. Kwa mtoto wa kawaida si shida, maana mbwa wake mwenyewe wameshaanza kubweka.

Kwa binamu yenu hawakubweka.

Hapo ndipo hadithi yake inapoanzia. Miezi ya mwanzo alikuwa mnene, mwenye afya, mama yake alinitumia picha mpaka simu ikajaa. Kisha akaanza kuumwa masikio. Akapona, akaumwa tena. Mapafu. Akapona. Mapafu tena. Kila mara dawa, kila mara nafuu, kila mara kurudi hospitali. Dada yangu alilia sana mwaka ule. Na simu zikaanza kutoka huku kwetu kwenda kwake. Mnajua simu za namna hiyo. Mmoja alimwambia atafute aliyemloga mtoto. Mwingine alimwambia ampeleke akaombewe kwa siku tatu bila kula. Mtoto wa mwaka mmoja, bila kula!

Hakulogwa na mtu. Nalisema hili taratibu ili hata Simba alisikie. Hakulogwa na mtu. Ndani ya mwili wa kila mmoja wetu kuna maandishi, marefu kuliko vitabu vyote vya shule yenu, yanayoelekeza namna ya kujenga mfupa, jicho, damu. Katika maandishi yake kuna neno moja lililokosewa. Neno hilo ndilo linalowaambia wale wafugaji wadogo wakomae. Hawakuambiwa, hawakukomaa. Wafugaji hakuna, mbwa hakuna. Kosa hilo karibu kila mara huwapata wavulana, na mama anaweza kulibeba bila yeye kuumwa wala kujua. Basi msimlaumu mama. Mwenye kunakili kitabu kirefu namna hiyo hukosea herufi.

Wewe hapo nyuma, nakuona. Una swali unaogopa kuliuliza. Uliza.

"Mjomba… si ni UKIMWI?"

Umefanya vizuri kuuliza, maana wakubwa wanalinong'ona badala ya kuliuliza. Hapana. UKIMWI unaletwa na kirusi kinachotoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kinaingia lupangoni na kuwapiga askari wenyewe. Binamu yenu hakuambukizwa kitu. Alizaliwa hivyo. Mkila naye sahani moja, hamchukui chochote kwake. Yeye ndiye anayeweza kuchukua mafua yenu. Kwa hiyo siku atakapokuja, atakayekuwa anapiga chafya akae upande ule wa jiko.

Nitawapeleka mbali kidogo sasa, kisha tutarudi.

Mwaka 1952, mjini Washington, kulikuwa na daktari wa jeshi aitwaye Ogden Bruton. Alikuwa na mgonjwa wa miaka minane. Mvulana yule, katika miaka minne, vijidudu vilimwingia kwenye damu mara 19. Mara 19! Wengine hawapiti hata ya kwanza. Bruton akashangaa. Hospitali yao ilikuwa imepata mashine mpya. Unaweka tone la maji ya damu, unapitisha umeme, na vitu vilivyomo vinakimbia kama watoto wanaokwenda bombani. Wenye mbio wanafika mbali, wa polepole wanabaki karibu. Kundi la polepole kuliko yote linaitwa gama, na humo ndimo kingamwili zilimo. Damu ya mvulana yule ikawekwa. Makundi yote yakakimbia. Mahali pa gama pakawa patupu. Watu wakadhani mashine imeharibika.

Haikuharibika. Lupango lilikuwa halina mbwa.

Bruton akafanya jambo ambalo ukilisikia unasema, ah, hata mimi ningelifanya. Lakini hakuna aliyelifanya kabla yake kwa ugonjwa huu, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa ugonjwa huu upo. Alichukua kingamwili zilizotoka kwenye damu ya watu wengine, akamdunga mtoto chini ya ngozi. Mwezi uliofuata akamdunga tena. Na uliofuata. Mvulana akaacha kuumwa vile. Neno lenyewe lililokosewa katika maandishi halikuonekana mpaka mwaka 1993, miaka 41 baadaye. Lakini mbwa wa kuazima walikuwa kazini muda wote huo bila kulisubiri.

Sasa turudi kwenye picha. Ile chupa.

Mkitazama vizuri, maji yake si mekundu. Ni meupe, yana umanjano kidogo. Mnajua jibini ya Masisi inavyotengenezwa? Maziwa yanaganda, yanakamuliwa, na chini yanabaki maji ya manjano. Damu nayo ina maji yake ya manjano. Mchangiaji anakaa kitini, anatoa, anakwenda zake kazini. Mwingine anatoa, anakwenda kumchukua mtoto shuleni. Maji ya watu angalau elfu moja, mara nyingi maelfu kadhaa, yanamiminwa pamoja kama kwenye sufuria moja kubwa ya harusi. Kwa nini wengi hivyo?

"Kwa sababu ni mengi?"

Umekaribia. Fikiria.

"Kwa sababu… mbwa mmoja, harufu moja?"

Ah! Njoo nikupe mkono. Ndiyo! Huyu aliwahi kuugua surua utotoni, mbwa wake wanaijua. Yule alichanjwa pepopunda. Mwingine alipona kichomi mwaka juzi. Ukichanganya malupango elfu, unapata karibu kila pua unayoihitaji. Kisha kiwandani maji yale yanasafishwa na kusafishwa tena, na kirusi kilichojificha humo kinauawa, ndipo yanaingia kwenye chupa.

Mtoto anapimwa uzito. Mwenye kilo 20 anapewa kati ya gramu 8 na gramu 12 za kingamwili. Gramu 8 ni kama vijiko viwili vidogo vya sukari, vile dada yenu anavyotia kwenye chai kisha anasema ametia kimoja. Ni kidogo, lakini hakiendi haraka. Dawa inadondoka polepole kwa saa kadhaa. Wakiikimbiza, mtoto anatetemeka na kichwa kinamgonga. Ndiyo maana ya kile kiti kikubwa. Ndiyo maana ya biskuti. Mara ya kwanza alilia, aliwaona manesi wote kuwa maadui. Siku hizi yeye ndiye anayewaambia mkono upi una mshipa mzuri.

Na baada ya hapo?

Hesabuni nami. Mbwa mia wameingia leo. Baada ya wiki tatu?

"Hamsini!"

Baada ya sita?

"Ishirini na tano!"

Kwa hiyo hana budi kurudi kila wiki ya tatu au ya nne, kabla lupango halijawa tupu. Wenzake wengine wanadungwa nyumbani, sindano ndogo chini ya ngozi ya tumbo au paja, kila wiki. Hiyo pia inafaa. Lakini hakuna njia ya kufanya mara moja ikaisha. Dawa haisahihishi lile neno lililokosewa. Inaazima mbwa tu. Mwaka huu, mwaka ujao, na akiwa na ndevu kama zangu, atakuwa bado anaazima.

Nimeona mmekunja nyuso. Msimhurumie namna hiyo, hatapenda. Anakwenda shule. Anacheza mpira, ingawa mama yake anasema anacheza vibaya. Akipata homa, hawasubiri kesho, wanakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Ananawa mikono kuliko ninyi nyote. Na kuna chanjo asizopewa, zile zenye kijidudu kilicho hai ingawa kimedhoofishwa, kama matone ya polio yanayotiwa mdomoni. Kwenu ninyi kile ni kitambaa cha kunusa. Kwake yeye, asiye na wa kunusa, ni jangili ameingizwa lupangoni kwa mkono.

Basi, mmejua kwa nini anacheka. Siku ile ya kwenye picha hakuwa anaumwa. Anatundikiwa serumu ili asiumwe.

"Mjomba, na angezaliwa hapa?"

Nilijua litakuja hilo. Nilitamani lisije.

Dawa hii ni ghali sana. Haitengenezwi kwa majani wala kwa chokaa, inatengenezwa kwa watu. Inataka jokofu lisilozima, na barabara isiyofungwa. Kutoka Goma mpaka hapa si mbali, mnapanda Kibumba, mnapita Rugari, mmefika, na bado mnajua ni mara ngapi barabara hiyo imefungwa mkiwa hai. Shirika la Afya Duniani limeiandika kingamwili hii kwenye orodha ya dawa muhimu za watoto. Kuandikwa kwenye orodha ni jambo moja. Kufika Rutshuru ni jambo jingine. Katika Afrika yetu watoto wengi wa namna hii hawapewi hata jina la ugonjwa wao. Wanaitwa watoto wa kuumwaumwa, kisha hawaitwi tena. Siwezi kuwapambia hilo.

Lakini msidhani mbwa wa kuazima hawajawahi kupita kwetu. Walipita. Walipita karibu sana, na mkubwa wenu anaikumbuka miaka ile.

Mnakumbuka ndoo za maji ya klorini barabarani? Yule mtu mwenye kipima joto kama bastola, anakulenga kwenye paji la uso? Ebola. Ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, kule upande wa Beni, na ilipomalizika Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Julai 2019 iliingia Goma. Siku ile soko lilikuwa kimya hata kelele za mapanga ya mchinjaji zilisikika kama za mtu mwenye hasira.

Sasa shikeni uzi, maana unaanzia mbali. Mwaka 1995 Ebola ilikuwa Kikwit, upande ule mwingine wa nchi. Daktari wetu Mkongomani, Jean-Jacques Muyembe, aliwatazama waliopona akafikiri: hawa wana mbwa wanaoijua harufu hii. Yeye na wenzake wakachukua damu ya waliopona wakawapa wagonjwa wanane. Saba wakaishi. Wazungu wengi walitikisa vichwa, wakasema wanane ni wachache, huenda wangepona tu. Mtu mmoja aliyepona Kikwit akarudi kwenye maisha yake. Miaka 11 baadaye aliombwa damu kidogo. Na humo, baada ya miaka yote hiyo, wafugaji wake walikuwa bado wanaikumbuka harufu! Wataalamu wa Marekani na Uswisi, pamoja na Muyembe, wakamtafuta mbwa mmoja hodari katika kundi lile, wakamnakili kiwandani mara nyingi zisizohesabika. Wakampa jina kavu, mAb114. Mimi ningempa jina zuri zaidi.

Novemba 2018 mbwa huyo alianza kujaribiwa katika vituo vya Kivu pamoja na dawa nyingine tatu. Wagonjwa walikuwa 681. Agosti 2019 jaribio likasimamishwa kwa sababu nzuri: dawa mbili, zote za kingamwili, zilikuwa zinazishinda nyingine waziwazi. Kati ya waliofika mapema, kabla kirusi hakijajaa mwilini, tisa katika kila kumi waliopewa dawa hizo waliishi. Na mwezi huo huo, mjini Goma, mama mmoja na mwanawe wa mwaka mmoja walitoka kituoni wakiwa wamepona baada ya kutibiwa kwa dawa hizo mpya. Watu walipiga makofi barabarani. Mtoto alikuwa anashangaa kwa nini watu wanapiga makofi.

"Na yeye anarudi kila wiki tatu?"

Ninyi leo mtanimaliza. Hapana, yeye alitundikiwa mara moja. Kwa nini? Kwa sababu lupango lake lilikuwa na mbwa, ila walikuwa hawajaijua harufu. Walihitaji muda. Mbwa wa kuazima walimshikia mlango mpaka wa kwake wakajifunza, kisha wakaondoka. Binamu yenu hana wa kujifunza. Wakiondoka hawa, lazima waje wengine. Chupa ya mAb114 ina pua moja, mara elfu na elfu. Chupa ya binamu yenu ina pua za kila namna, kwa sababu yeye hajui kesho atabishiwa hodi na nani.

Hata mimi nilipolielewa hilo nilikaa kimya kidogo. Mtu wa Kikwit na waliopona kwa mbwa wake hawatajuana. Wale watu elfu wa kwenye chupa, dada yangu angependa kuwapikia wote, na hajui hata mmoja wao anakaa mtaa gani.

Haya, makaa yanaisha. Mama yenu anaita.

"Mjomba, picha ilikuwa ya lini?"

Ngoja nitazame. Siku 19 zilizopita.

Mdogo wenu hakujibu. Alichukua kijiti, akachora panda za manati kwenye vumbi, nyingi, mbaya mbaya, nyingine zina mikono mitatu. Akafuta nusu kwa kiganja. Akazitazama zilizobaki.

"Basi anarudi wiki hii," akasema. "Tumwambie asichelewe."

Tukarekodi sauti. Kila mmoja alisema lake, wote kwa pamoja, sijui kama kuna kilichosikika. Mwisho mdogo wenu akasogeza simu mdomoni kwa Simba. Simba akaitazama. Akapiga miayo. Tukamwomba, tukamsihi, tukamwonyesha kipande cha bugali. Akabweka mara moja tu, kwa heshima ya bugali, akarudi kulala langoni.

Hayo yalikuwa jana. Leo asubuhi jibu limefika. Ni sekunde nne. Sikilizeni. Hakuna neno hata moja humo, ni mtoto wa Ubelgiji anabweka.